Farumi kizimbani: mimea ya bandarini katika kazi ya Maria Thereza Alves

Mwaka 1999 msanii wa Brazil, Maria Thereza Alves, alikuwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, akiulizia mahali ambapo meli za zamani zilimwaga farumi, yaani mchanga na mawe ya kuzituliza majini. Hakuwa akitafuta mandhari ya kuchora. Alitaka udongo wenyewe, autie vyunguni, aumwagilie, halafu angoje aone kitakachoota. Kazi iliyoanzia hapo aliiita Seeds of Change, na tangu wakati huo imehamia bandari baada ya bandari: Reposaari nchini Finland, Liverpool, Dunkirk, Bristol, New York na kwingineko. Kila bandari ina udongo wake, ramani zake na mimea yake, kwa hiyo jina ni lilelile lakini kinachoonekana hakifanani popote.

Nimeichagua Bristol, bandari ya Uingereza, iwe kisa cha uchambuzi huu. Ndiyo inayotajwa mara kwa mara kazi hii inapozungumzwa, na si ajabu, maana inavutia macho. Ndiyo pia inayoonyesha vizuri kuliko nyingine mahali ambapo wazo hili lina nguvu, na mahali ambapo linatwishwa mzigo ambao mmea hauwezi kuubeba peke yake.

Mzigo usio na mnunuzi

Farumi si shehena. Chombo cha mbao kisipokuwa na mzigo wa kutosha huelea juu mno, na upepo mkali wa ubavuni unaweza kukilaza. Kwa hiyo nahodha hujaza ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, kwa chochote kizito kinachopatikana bure au kwa bei ndogo: mawe, kokoto, mchanga wa ufukweni, matofali yaliyovunjika, udongo wa kando ya gati. Mabaharia wa majahazi ya kwetu hawahitaji kufundishwa hilo. Meli ikifika inakokwenda kuchukua mzigo wa maana, farumi hutolewa kupisha mzigo huo.

Iitupwe wapi? Hapo ndipo serikali za bandari zilipoingia. Mabaharia wakiachiwa wangeimwaga majini usiku, na mkondo ungejaa mchanga hata meli zishindwe kupita. Bandari nyingi za Ulaya zikatenga mahali maalumu pa kuimwaga na kuwatoza faini waliokaidi. Newcastle, mji uliouza makaa ya mawe kwa meli nyingi zilizokuja tupu, ilipokea farumi kwa wingi hata vikainuka vilima kando ya mto Tyne, na mahali pamoja pamebaki na jina la Ballast Hills. Mchezo huo ulikwisha polepole kuelekea mwisho wa karne ya 19, meli za chuma zilipoanza kutia maji matangini badala ya kubeba mawe.

Katika udongo huo mlikuwa na mbegu. Hakuna aliyezipakia kwa makusudi, hakuna aliyezilipia ushuru, wala hazikuandikwa kwenye daftari lolote. Nyingine zilioza. Nyingine ziliota mwaka uleule zikafa kwa baridi. Baadhi zilikuta ukuta wenye jua au kona yenye kokoto, zikazaa, na wajukuu wao bado wanachomoza kwenye nyufa za lami, kando ya reli na katika viwanja visivyojengwa. Mkazi wa mji hupita akadhani ni majani tu.

Namna anavyofanya kazi

Alves alizaliwa mwaka 1961 katika jimbo la São Paulo, akasomea sanaa Cooper Union, New York. Mwaka 1979, kabla hajawa jina katika sanaa, alipeleka Geneva, mbele ya Umoja wa Mataifa, taarifa kuhusu madhila waliyokuwa wakitendewa watu wa asili wa Brazil. Nalitaja hilo kwa sababu linaeleza tabia ya kazi yake yote: anakusanya ushahidi kama mtu anayejua kuna siku atasimama mbele ya watu wasiotaka kumwamini.

Huanza maktaba. Anasoma nyaraka za bandari, kumbukumbu za forodha, ramani za kale na orodha za wataalamu wa mimea walioona kitu kigeni kimeota mahali wasipokitarajia. Kutokana na hayo hupata sehemu zinazowezekana kuwa na farumi. Kisha huenda kwenye sehemu hizo zilivyo leo, na mara nyingi anakuta maegesho ya magari, jengo la ofisi au bustani ya mtu. Huchota udongo, huuweka vyunguni, na mara nyingi wakazi au wanafunzi wa mahali hapo hushiriki kuutunza.

Kinachofika ukumbini ni mchanganyiko. Kuna ramani alizochora kwa mkono, michoro ya mimea kwa rangi za maji, maandishi marefu aliyoyaandika kwa rangi ya akriliki juu ya kitani, picha na udongo. Wakati mwingine kuna bustani hai nje ya ukumbi. Mtazamaji anayependa picha moja nzuri ya kutundika hukosa pa kushika. Huyo anaombwa asome, na maandishi yenyewe hayana mbwembwe: meli fulani, mwaka fulani, ilitoka huku, ikamwaga kule.

Kwa upande wa sayansi kuna mtu mmoja muhimu, Heli Jutila, mtaalamu wa mimea wa Finland aliyechunguza mimea ya farumi huko Reposaari. Hoja anayoiingiza katika kazi hii ni kwamba mbegu inaweza kulala udongoni miaka mingi sana ikiwa hai, na ikipata mwanga, unyevu na nafasi, huamka. Bila hoja hiyo Alves asingekuwa na kazi.

Tishari la Bristol

Bristol si bandari ya hivihivi. John Cabot alitoka hapo mwaka 1497 akavuka Atlantiki. Baada ya mwaka 1698, wafanyabiashara wake walipofunguliwa biashara ya utumwa iliyokuwa imehodhiwa na kampuni moja ya London, meli za Bristol zilifanya safari zaidi ya 2,000 hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1807, zikiwachukua Waafrika wapatao nusu milioni. Sukari, tumbaku na fedha zilizorudi ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya mji unaopendwa na watalii leo.

Alves aliingiza mji huo katika mradi wake mwaka 2007, kupitia jumba la sanaa la Arnolfini, ambalo lenyewe limo katika ghala la zamani la chai kando ya maji. Mwaka 2012 kazi ilichukua umbo lililoifanya ijulikane: tishari chakavu la kubebea nafaka, likielea bandarini karibu na Castle Park, liligeuzwa bustani ya mimea ya farumi. Mpangilio wake ulibuniwa na mbunifu Gitta Gschwendtner, na Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Bristol ikasaidia kuiotesha na kuitunza. Halikuweza kufikiwa kwa miguu. Ulilitazama kutoka ukingoni au ulikwenda kwa boti.

Wazo la kuiweka bustani majini ni zuri kuliko maelezo yoyote ya kwenye ukuta. Mimea iliyofika kwa chombo imerudishwa juu ya chombo, na chombo chenyewe hakiendi popote. Mtu aliyezoea kuona mtini au mchicha pori ukijipenyeza ukutani anauona umepewa sehemu yake, umesimama, una jina. Kuna hata kile kitango cha nchi za Mediterania, Ecballium elaterium, ambacho tunda lake likiiva hufyatuka kutoka kwenye kikonyo na kurusha mbegu kwa nguvu mbali na mama yake. Kwa mmea uliosafiri bila tiketi, tabia hiyo inafaa.

Lakini ufa unaanzia hapohapo.

Shahidi gani anaweza kufika mahakamani?

Bustani hii huzungumzwa kana kwamba ni kumbukumbu hai ya biashara ya Bristol na dunia, utumwa ukiwemo. Sasa tuitazame kama hakimu atakavyoutazama ushahidi.

Kwanza, hali ya hewa. Bristol iko kwenye nyuzi 51 kaskazini. Majira yake ya baridi si makali kwa kipimo cha Uingereza, lakini yanatosha kuua karibu mimea yote ya kudumu ya ukanda wa Guinea na Karibea inayoota nje. Mbegu iliyotoka ufukwe wa Bonny au Jamaica ikamwagwa kando ya mto Avon ilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuacha kizazi, isipokuwa ni ya mmea wa msimu mmoja unaoweza kuharakisha maisha yake yote ndani ya kiangazi kifupi. Waliodumu kwa urahisi ni wale waliotoka sehemu zenye hali ya hewa inayokaribiana na hapo: Mediterania, Ureno, Amerika ya Kaskazini, nchi za Baltiki. Maana yake ni kwamba bandari iliyowachukua Waafrika nusu milioni ina udongo unaoweza kusema vizuri sana kuhusu mvinyo na matunda ya kusini mwa Ulaya, na karibu usiseme kitu kuhusu Afrika Magharibi. Shahidi muhimu kuliko wote alikufa kwa baridi.

Pili, mwelekeo wa farumi. Farumi humwagwa pale meli inapokuja nyepesi kuchukua kizito. Reposaari iliuza mbao nyingi, ndiyo maana ina historia ndefu ya mimea ya farumi. Meli ya watumwa ya Bristol ilitoka nyumbani imejaa vyombo vya shaba, nguo, bunduki na pombe. Iliporudi kutoka Karibea, mara nyingine ilibeba sukari, na kadiri karne ya 18 ilivyosonga, mara nyingi ilirudi karibu tupu, malipo yakiwa ni hati za fedha na sukari ikisafirishwa na meli nyingine zilizojengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kiungo kipo, ila kiko katika safari ya kurudi, na hakilingani na picha rahisi ya mbegu iliyotoka Afrika pamoja na mateka.

Tatu, muda. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alizika chupa 20 zenye mbegu huko Michigan ili zifukuliwe moja moja kwa miaka mingi. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka 142, ilikuwa bado na mbegu zilizoota, za jenasi ya Verbascum, mmea unaopenda viwanja vilivyovurugwa. Hiyo ni ajabu kweli. Lakini mbegu ya meli ya mwaka 1750 ingehitaji kulala muda unaokaribia kuwa maradufu, katika udongo wa bandari wenye unyevu, uliochimbwa na kufukiwa mara ngapi sijui. Kinachoota leo kwenye chungu kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kizazi cha hamsini au cha mia cha mbegu ile, au kizazi cha mbegu iliyofika kwa njia nyingine kabisa.

Mtini unatufundisha jambo hilo hilo. Sheffield, mji wa chuma cha pua ulio mbali na bahari, una mitini mikubwa ya mwituni kando ya mto Don. Haikuletwa na farumi. Viwanda viliupasha mto joto, maji taka yakaleta mbegu za tini zilizoliwa na wakazi, mbegu zikaota. Ukiuona mtini umeng'ang'ania ukuta wa gati la Bristol, una hadithi mbili mbele yako. Moja ina meli na nahodha, nyingine ina choo. Mmea hautakuambia ni ipi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maabara na sanaa haina haja nayo. Siwezi kukubaliana nao, kwa sababu Alves mwenyewe ndiye aliyechagua kwenda kwenye nyaraka na kwa wataalamu wa mimea. Aliyekuja na daftari la forodha mkononi hawezi kuomba asomwe kama shairi pale tu daftari linapombana.

Kazi ya kitani na wino

Hapa ndipo mchanganyiko wa vifaa unapoacha kuwa mtindo. Mmea unathibitisha jambo moja: kitu hiki kinaweza kuishi hapa. Nyaraka zinathibitisha jingine: meli hii ilitoka pale, ikabeba hiki, ikamwaga hapa. Ramani inaunganisha mahali pa zamani na mtaa wa leo. Mchoro wa rangi za maji unamlazimu mtu atazame jani ambalo angelikanyaga. Kila kimoja kina shimo, na kimoja hufunika shimo la mwenzake. Ukivitenganisha, kila kipande kinasema uongo kidogo.

Linganisha na msanii aliyeshughulikia magugu ya mjini kwa kifaa kimoja tu. Michael Landy, mwaka 2001, aliharibu hadharani kila alichokimiliki, vitu 7,227, katika duka lililokuwa tupu Oxford Street, London. Mwaka uliofuata alichuma mimea midogo kwenye nyufa za barabara za London, akaitunza nyumbani, kisha akaichora ilivyo, mizizi na yote, kwenye mabamba ya shaba. Chapa zake zinamtosha mtazamaji. Hazihitaji ramani, kwa sababu swali lake ni jinsi kiumbe kinavyoishi karibu bila kitu chochote, na jibu limo ndani ya mchoro wa mzizi. Swali la Alves ni nani alimleta nani, kwa chombo cha nani, kwa faida ya nani. Mzizi haujibu hilo hata uchorwe kwa ustadi gani.

Kwa hiyo lawama yangu kwa tishari ni kwamba lilibeba kifaa kimoja tu kati ya vyote. Maandishi, ramani na kitani vilibaki nchi kavu, mimea ikaenda majini, ikapangwa vizuri, ikapaliliwa. Imekuwa bustani. Anayeitazama kutoka Castle Park akila sandwichi anaona maua yanayoelea, na asipopata mtu wa kumweleza, atakwenda zake akiwa na picha nzuri ya simu. Mimea ileile iliyokuwa ikisumbua, kwa sababu haikualikwa, sasa imealikwa na kumwagiliwa.

Mji huohuo ulitoa kipimo kingine tarehe 7 Juni 2020, waandamanaji walipoiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa, wakaiviringisha hadi gatini na kuitosa majini. Ilikuwa imesimama tangu 1895. Ilipotumbukia, dunia nzima ilielewa kinachosemwa bila kibao cha maelezo. Bustani haiwezi kushindana na hilo na haipaswi kujaribu. Mahali ilipotoswa pako karibu na daraja la waenda kwa miguu lenye jina la Pero, mtu aliyeletwa Bristol akiwa mtumwa wa John Pinney, tajiri wa mashamba ya miwa ya kisiwa cha Nevis, Karibea. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule Alves alipokuwa akianza Marseille.

Chuma cha São José

Kuna farumi moja inayozungumza wazi kuliko mmea wowote, nayo inatugusa sisi wa upande huu wa Afrika. Mwaka 1794 meli ya Kireno São José Paquete de África iliondoka Lisbon, na orodha yake ya mizigo ilitaja vipande vya chuma zaidi ya 1,000 vya farumi. Ilifika Kisiwa cha Msumbiji, ikapakia zaidi ya watu 400, ikaelekea Maranhão, kaskazini mwa Brazil. Desemba mwaka huo ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya watu 200 walikufa, na waliookolewa wakauzwa upya hukohuko Cape.

Watafiti waliyatambua mabaki yake kwa kiasi kikubwa kupitia farumi hiyo, na wakatangaza mwaka 2015. Chuma kile kilikuwamo kwa sababu ya hesabu ya kikatili: watu ni wepesi kuliko bidhaa za kawaida, na chombo kinachowabeba kinahitaji uzito mwingine ngamani. Vipande kadhaa viliwekwa katika jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington, lililofunguliwa mwaka 2016.

Nimeileta meli hii kwa sababu inamtetea Alves pale ambapo mimea ya Bristol inamwangusha. Farumi kweli ni kumbukumbu ya utumwa, na si kwa mafumbo. Ila kumbukumbu hiyo haimo katika mbegu peke yake. Imo katika uzito wenyewe, na katika sababu ya uzito huo kuhitajika. Msanii aliyezaliwa Brazil, nchi ambayo meli ile ilikuwa ikielekea, amelishika jambo sahihi. Kilichobaki ni namna ya kulionyesha.

New York inavyorekebisha

Nadhani alilionyesha vizuri zaidi New York. Mwaka 2017, baada ya kupewa tuzo ya Vera List Center ya sanaa na siasa, alifungua maonyesho katika chuo cha The New School. Huko vifaa vyote vilirudi mahali pamoja: kitani chenye maandishi, ramani, rangi za maji, mimea. Bustani ziligawanywa sehemu mbalimbali za mji badala ya kukusanywa kwenye chombo kimoja, ikiwemo High Line, ambayo ni njia ya reli ya juu iliyogeuzwa bustani, kituo cha sanaa cha Pioneer Works huko Red Hook, Brooklyn, na Weeksville, mtaa wa Brooklyn ulioanzishwa na Wamarekani weusi walio huru mwaka 1838. Mugwort, mmea wa jamii ya pakanga uliotoka Ulaya na ambao leo umejaa viwanja vitupu vya mji huo, ulipewa nafasi ya heshima.

New York ilikuwa na bahati moja ambayo Bristol haikuwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mwanasheria mmoja, Addison Brown, aliyekuja kuwa hakimu baadaye, alikuwa na mazoea ya kuzunguka sehemu za kumwagia farumi kama Gowanus na Hunter's Point, akiorodhesha mimea mipya na kuchapisha orodha zake katika jarida la wanabotania wa mji. Aliiona mimea ikiwa ndiyo kwanza inachomoza kwenye mchanga, mingine haijapata hata kuzaa. Hilo linaondoa shaka la muda nililolitaja: kuna mtu aliyeona. Na wino wa Brown, si jani, ndio unaolifanya jani la leo liaminike.

Kisha kuna Bristol Basin, ambayo singeweza kuibuni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, meli za Marekani zilizopeleka misaada Uingereza zilirudi tupu, zikatiwa farumi ya kifusi cha nyumba za Bristol zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani. Kifusi kikamwagwa ukingoni mwa East River, Manhattan, kikawa msingi wa barabara inayopita pale. Kibao kiliwekwa mwaka 1942. Udongo na matofali ya mji uliotajirika kwa utumwa vimo chini ya magari ya New York. Kisayansi si jambo kubwa, kwa kuwa kifusi cha 1942 hakina mbegu za karne ya 18 za kutosha kusisimua mtu. Lakini kinaonyesha kwamba farumi haikuisha na matanga. Ilibadilika tu, hadi siku hizi ni maji, na maji hayo yamewahi kuhamisha kome wadogo wa Ulaya ya mashariki hadi maziwa makuu ya Amerika ya Kaskazini miaka ya 1980. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji ya farumi ulianza kufanya kazi Septemba 2017, majuma machache kabla ya maonyesho ya Alves kufunguliwa.

Mwenyeji na mgeni

Jambo moja nalipitia haraka, kwa sababu wengi wamelishikilia kupita kiasi. Wataalamu wa mimea wa Ulaya huchora mstari karibu mwaka 1500: mmea ulioletwa na watu kabla ya hapo ni mgeni wa kale, baada ya hapo ni mgeni mpya. Alves anauliza lini mmea unahesabiwa kuwa wa mahali hapo, na mtazamaji anaelewa kwamba anaulizia pia wahamiaji. Swali ni halali. Hata hivyo mmea si mhamiaji. Hauna pasipoti wala hofu, na mingine inaharibu makazi ya viumbe vingine kweli, iwe tunaipenda au la. Kazi hii ina nguvu zaidi inapozungumza habari za meli kuliko inapogeuza mimea kuwa watu.

Kama kazi ya namna hii ingefanywa Zanzibar au Mombasa, kichujio cha hali ya hewa kingegeuka kabisa. Joto lingeruhusu karibu kila kitu cha kitropiki kiote, na tatizo lingekuwa wingi wa mashahidi badala ya uchache. Kishona nguo asili yake ni Amerika ya kitropiki, na hakuna kiwanja kitupu cha Dar es Salaam kisichokuwa nacho. Je, kilikuja katika farumi ya meli ya Kireno, katika magunia ya nafaka, au katika pindo la kanzu ya mtu? Mbegu yake ina meno ya kushikia chochote kinachopita, kwa hiyo haikuhitaji hata meli moja zaidi baada ya kutua. Vyombo vya kaskazi vilivyoleta tende na chumvi na kurudi na boriti havikuwa vikiacha farumi nyingi, maana vilijaa kwenda na kurudi. Meli za wazungu zilizokuja tupu kuchukua karafuu ni habari nyingine. Mtu akinishirikisha katika kazi hiyo, ningeanza na madaftari ya bandari na ramani ya gati la zamani, vyungu vingefuata, na bustani ya kupendeza ningeiacha kabisa.